Dozi ya mtandaoni haijui chupa yako

Saa nane usiku mtoto anachemka, duka la dawa limefungwa na bibi yake yuko mkoani. Kilicho karibu ni simu. Mzazi anaandika “dozi ya homa mtoto wa mwaka mmoja”, anafungua ukurasa wa kwanza, anasoma “mililita 5”, kisha anachukua chupa kabatini na kumimina.

Hatari inaanzia hapo, na si kwa sababu ukurasa umedanganya. Mara nyingi umesema kweli, ila kuhusu chupa nyingine.

Dawa ya maji ya paracetamol haina nguvu moja. Zipo chupa zenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na zipo zenye 250 katika mililita hizohizo 5. Marekani, zinakotoka kurasa nyingi tunazosoma, ya watoto huwa na 160, na wenzetu hawaiiti paracetamol bali acetaminophen. Ni dawa ileile. Asiyejua anaweza kumpa mtoto zote mbili akidhani zinasaidiana.

Tupige hesabu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kati ya miligramu 100 na 150 kwa mara moja. Mililita 5 za chupa ya 120 zinamtosha. Mililita 5 za chupa ya 250 zimeshapita kiasi, na ukirudia mara nne kwa siku, kwa siku mbili au tatu, ini lake linaweza kuumia. Ubaya wake ni kwamba ini halilalamiki mapema. Siku ya kwanza mtoto anaweza kutapika kidogo tu, au aonekane mzima kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua simu, geuza chupa. Soma namba iliyo mbele ya “5 ml”. Uzito uko kwenye kadi ya kliniki (ipige picha ikae kwenye simu, maana kadi hizi zina tabia ya kupotea siku zinapohitajika). Pima kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Kati ya dozi na dozi yapite saa 4 hadi 6, na zisizidi nne kwa saa 24.

Kurasa za nje zina mitego mingine midogo. Zikiandika joto 100.4, hiyo ni Fahrenheit. Kwa kipimajoto chetu ni 38. Zikiandika uzito 24, huenda ni pauni, yaani kama kilo 11.

Lakini mtego ninaouogopa zaidi ni ushauri wa “mpe maji, mpumzishe, subiri siku mbili tatu”. Kwa mtoto wa London ni ushauri mzuri. Aliyeuandika hakuwa na sababu ya kufikiria malaria. Kwa mtoto wa Kigoma au Geita, homa inatakiwa kupimwa malaria ndani ya saa 24, na paracetamol inashusha joto tu, vimelea inaviacha palepale. Mtoto aliyepoa baada ya dawa bado anahitaji kipimo.

Kuna hali ambazo hazina haja ya kutafuta chochote mtandaoni: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Huyo ni wa hospitali usiku huohuo. Mwenye umri chini ya miezi miwili akiwa na homa naye anakwenda, hata kama ananyonya vizuri.

Kwa maswali mengine, Wizara ya Afya ina namba 199. Kupiga ni bure, hata bando likiwa limeisha.