Oili Ivujayo Katika Lori la Dizeli
Sehemu ya Pili: Kuitafuta Asili ya Mvujo

Msomaji aliyefuatana nasi tangu sehemu ya kwanza atakumbuka jinsi oili inavyovutwa na pampu yake kutoka kwenye sampu, ikapita katika filta, ikagawanyika kuziendea beringi za krenkishafti, tapeti na turbo, kisha ikarejea chini kwa uzito wake yenyewe. Leo tunaingia katika taabu ambayo wenye malori wengi wameionja: gari limelala uani, asubuhi chini yake pana dimbwi jeusi, na fundi wa kwanza kuitwa huinama, akachungulia, akahukumu papo hapo kwamba sili ya nyuma ya krenkishafti imekufa.

Yamkini hukumu hiyo ni kweli, lakini aghalabu hutolewa kabla ya shahidi kusikizwa, na gharama yake si haba. Kwani ili kuifikia sili hiyo sharti zishushwe propela shafti na giaboksi, ifunguliwe klachi, na flaiwili nayo itolewe. Oili ina tabia ya maji ya mvua yaliyopenya katika paa la makuti, ambayo hufuata fito na kudondokea mbali na tundu yalimoingilia. Ikivuja katika gasketi ya kifuniko cha tapeti, juu kabisa, huteremka ubavuni mwa injini, upepo wa feni na wa mwendo ukaisukuma nyuma, hata ikatona chini ya nyumba ya klachi, mahali pale pale ambapo oili ya sili ya nyuma ingetokea.

Kwa hiyo kazi haianzi kwa spana. Huanza kwa kuosha. Injini isuguliwe kwa brashi na dizeli, kisha kwa maji ya sabuni, kwa hadhari maji yasiingie katika alteneta na starta, ikaushwe, na penye shaka panyunyizwe unga wa chaki. Halafu iwashwe mpaka ipate moto, izimwe, na fundi achukue kurunzi na kioo kidogo, atazame kuanzia juu kwenda chini; alama mbichi iliyo juu kuliko zote ndiyo ya kufuatwa. Na asisahau kunusa. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi kwa masizi, ilhali ya giaboksi ni nzito na aghalabu ina harufu ya kiberiti; hii ikitoka katika tundu la nyumba ya klachi, mkosa ni sili ya mbele ya giaboksi, na krenkishafti haina hatia.

Sasa tuje katika jambo ambalo, kwa rai yangu, hughafilikiwa kuliko yote. Kila mafuta yanapolipuka juu ya pistoni, sehemu ndogo ya hewa ya moto hupenya kando ya ringi, ikashuka hadi kwenye sampu, na kutoka nje kwa bomba la kupumulia. Lau bomba hilo limezibwa na uchafu au limepondeka, hewa hukosa pa kwendea, nayo huisukuma oili nje penye udhaifu wowote. Hapo sili mpya nayo, hata iwe ya thamani gani, itavuja. Ndiyo maana lori lisilotoa hata tone likiwa limesimama gereji huonekana limelowa baada ya kuupanda mlima wa Kitonga na shehena yake, kwa kuwa injini ikielemewa mpenyo huo huzidi. Kulipima jambo hili ni kwepesi: injini ikiwa moto, nayo inanguruma taratibu, ufunguliwe mfuniko wa kujazia oili. Mvuke hafifu si neno. Moshi ukitoka kwa kishindo na kwa mapigo, bomba la kupumulia lisafishwe kwanza, kisha jaribio lirudiwe.

Ama matengenezo, gasketi ya tapeti huharibiwa zaidi kwa bidii kuliko kwa uvivu, maana watu huzidisha silikoni na kukaza bolti mpaka kifuniko cha bati kinapinda, ilhali ilitosha kukwangua gasketi ya zamani yote, kunyoosha ukingo, na kukaza kidogo kidogo kwa zamu. Katika bomba la kurudishia oili ya turbo silikoni isitumike kabisa, kwani kipande kikikatika huweza kuziba njia. Nati ya sampu hutaka washa mpya tu. Na ikiwa kweli ni sili ya nyuma, fundi apitishe ukucha juu ya shafti: akihisi mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, ile mpya aiweke ndani au nje kidogo, panapo nafasi, ili mdomo wake ukae penye chuma kizima, nao, ukiwa wa mpira, upakwe oili kabla ya kuingizwa, usije ukaungua mkavu.

Kazi ikisha, injini ioshwe tena na lori lipewe safari yenye mzigo ndipo litazamwe. Lakini ikiwa bomba la kupumulia ni safi na moshi ungali ukitoka kwa kishindo, mwenye gari aache kununua sili na aweke akiba ya ringi na pistoni. Namna ya kuzifungua silinda na kuzipima ndiyo itakayokuwa habari ya sehemu ya tatu.