Shule ya Umma Isipimwe kwa Wastani Pekee

Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, lawama huwaangukia walimu wa shule za umma. Husemwa kwamba wamezembea, na kwamba mzazi anayejali hana budi kumtafutia mwanawe shule ya kibinafsi. Naona hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi kusikizwa.

Hebu tuutazame mtaa wa Kibera, Nairobi. Shule za umma huko ni chache, na nyingi ziko pembezoni mwa mtaa. Mojawapo, Shule ya Msingi ya Olympic, ilisifika sana kwa matokeo mema ya KCPE. Januari 2003, Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, wazazi walifurika langoni pake wakitaka watoto wao waandikishwe. Kote nchini, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka 2003. Idadi ya walimu na madarasa haikuongezeka kwa kasi hiyo. Kipimo cha Serikali kilikuwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 40, lakini katika mitaa ya mabanda yalikuwapo madarasa yaliyopita wanafunzi 100. Mwalimu wa darasa kama hilo atasahihisha insha ngapi kabla ya mapambazuko?

Wanafunzi nao wapige hesabu hii. Darasa la watoto 40 lina wastani wa alama 300 kwa 500. Waingie wengine 40 wenye wastani wa 200, ambao jana walikuwa wakizurura vichochoroni. Wastani wa darasa utashuka hadi 250. Gazeti litaandika kwamba shule imeanguka, ilhali hakuna mtoto wa kwanza aliyepoteza hata alama moja, na 40 waliokuwa gizani wameanza kusoma. Upande wa pili, shule inayowachuja watoto kwa mahojiano kabla ya kuwapokea hupongezwa kwa wastani ambao kwa sehemu uliamuliwa langoni.

Naomba nieleweke vyema. Simtetei mwalimu mtoro, wala sidai kwamba alama hazina maana. Isitoshe, mzazi ana haki ya kujua mwanawe anafunzwa nini.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea ya kulinganisha shule hayakuzikwa nayo. Kwa hivyo, Wizara ya Elimu na itangaze, sambamba na matokeo, idadi ya watoto walioandikishwa katika kila shule, waliobaki hadi mwisho, na walimu waliowafunza. Bila takwimu hizo, shule zitajifunza kwamba njia rahisi ya kupata sifa ni kumfungia mlango mtoto dhaifu. Mtoto huyo akifukuzwa na shule ya umma, hana pengine pa kubisha.