Gor Mahia na Leopards: Mashemeji Washindanao Uwanjani

Siku Gor Mahia wachezapo na AFC Leopards mjini Nairobi, ziko nyumba nyingi ambamo mume na mke hawaendi uwanjani pamoja. Mume, aliye Mluo, huvaa jezi ya kijani na kutangulia. Mke, aliye Mluhya, huwangoja ndugu zake, akavaa buluu na nyeupe, akaenda kuketi upande wa pili. Jioni hurudi katika nyumba ile ile na kula chakula kimoja, na mmoja wao hana maneno mengi. Ndiyo sababu watu wameuita mchezo huo pambano la mashemeji. Jina hilo si mzaha mtupu, kwani ndilo lielezalo jinsi ushindani huu ulivyoanza, na kwa nini umedumu zaidi ya miaka 50 ingawa vilabu vyenyewe vimepata mara nyingi kukosa fedha za kuwalipa wachezaji wao.

Nchi za makabila haya mawili zinapakana, tena mpaka wake haukunyooka. Msafiri atokaye Kisumu kwa njia ya Maseno hufika Luanda kwa Waluhya, akaendelea Yala kwa Waluo, kisha Butere akawa kwa Waluhya tena. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na baadaye ikaendelezwa hadi Butere, ilipita njia hiyo hiyo. Katika masoko ya mpakani samaki wa ziwani walibadilishwa kwa nafaka, vijana wakaonana, mahari ikatolewa. Katika shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1906, wavulana wa Kiluo na wa Kiluhya waliketi darasani pamoja, na saa ya mchezo walipopewa mpira wakajifunza kupigana chenga wakiwa wadogo.

Waliokwenda Nairobi kutafuta kazi walipanda gari moshi moja. Wengi waliajiriwa na Reli yenyewe, wengine wakawa makarani, mapolisi na wapishi, wakakaa Muthurwa, Makongeni, Kaloleni na Landhies. Mjini mtu hakuwa na ukoo wala baraza la wazee. Basi watu wa nyumbani waliunda vyama vyao, na vyama hivyo vilifanya kazi ambayo ukoo ungeifanya: kumtafutia mgeni mahali pa kulala, kumchangia mgonjwa, na zaidi ya yote kusafirisha maiti ya mwenzao ili akazikwe kwao. Jumapili chama kilikuwa na timu ya mpira. Haikuwa timu ya kulipwa, wala tajiri yeyote hakuimiliki. Ilikuwa mali ya waliotoa mchango, na kwa hiyo aliyeifunga alikuwa amewafunga wote waliochanga. Hapo ndipo pana mzizi wa shauku ambayo wageni huistaajabia hata leo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, ligi ya taifa ilianza mwaka huo huo. Mwaka 1964 bingwa alikuwa Luo Union. Waluhya walikuwa bado wamegawanyika katika timu za lokesheni zao, kama Marama, Kisa, Bunyore, Tiriki na Samia, kila moja ikijivunia nyumbani kwake na kunyang'anyana wachezaji na jirani yake. Mwaka huo wa 1964 kadhaa ya timu hizo ziliunganishwa, ikazaliwa Abaluhya Football Club. Umoja huo haukukawia kuzaa matunda, kwani Abaluhya walitwaa ubingwa mwaka 1966 na tena 1967. Siku hizo jina la Joe Kadenge lilijulikana hata kwa watu ambao hawakupata kuuona uwanja wa Nairobi. Watangazaji wa redio walilitaja mara nyingi mno hata maneno “Kadenge na mpira” yakawa msemo wa watoto vijijini.

Jambo hilo liliwakera Waluo, ambao nguvu zao zilikuwa zimegawanyika baina ya Luo Union na Luo Stars. Tarehe 17 Februari 1968 pande hizo mbili zilipatana na kuunda timu moja. Baadaye Luo Union walijitenga na kucheza peke yao tena, lakini timu mpya ilikuwa imekwisha kusimama kwa miguu yake. Iliitwa Gor Mahia, kwa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, huko Nyanza ya Kusini, ambaye masimulizi yanasema aliweza kujigeuza umbo mbele ya macho ya adui zake. “Mahia” kwa Kiluo ni ajabu au mazingaombwe. Jina hilo lilichaguliwa kwa busara, maana kila timu pinzani ilipoteleza mbele ya goli, mashabiki wa Gor walikuwa na maelezo tayari.

Tarehe 5 Mei 1968 Gor Mahia na Abaluhya walikutana kwa mara ya kwanza. Mtoto asiyetimiza miezi mitatu alimfunga bingwa mabao 2 kwa 1, na mwaka ulipokwisha akachukua ubingwa wenyewe. Waluhya walisema ni uganga. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1976 Gor Mahia walimaliza ligi nzima bila kushindwa hata mara moja, na hakuna mganga awezaye kukimbia dakika 90 kwa niaba ya mchezaji.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru kwamba vyama vya kikabila vivunjwe na majina ya kikabila yaondolewe. Luo Union, timu iliyokuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati miaka ya 1976 na 1977, ilijiita Re-Union. Abaluhya walizihifadhi herufi zao AFC, wakazipa maana mpya isiyotaja kabila, wakaongeza neno Leopards, yaani chui. Na mashabiki wakaligeuza kwa lugha ya nyumbani, wakaiita timu Ingwe. Gor Mahia nao walitafutiwa maneno ya Kiingereza ambayo herufi zake za kwanza zilitoa GOR, wakaitwa Gulf Olympic Rangers; watu uwanjani wakaendelea kupiga kelele za Gor kama siku zote, na baada ya muda jina la zamani likarudi. Amri ilibadilisha kilichoandikwa katika daftari la msajili. Ya moyoni haikuyagusa.

Tena wakati ule kabila halikuwa tena ukuta kama wengi walivyodhani. Mlinda mlango aliyesifiwa kuliko wote katika Leopards alikuwa Mahmoud Abbas, mtu wa Pwani, na mashabiki waliokuja na ngoma za Kakamega walimshangilia kana kwamba alizaliwa Mumias. Mbele yake alicheza J. J. Masiga, aliyefunga mabao huku akisomea udaktari wa meno. Hizo zilikuwa siku za neema. Kwa miaka 7 mfululizo, tangu 1979 hadi 1985, kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati halikutoka mikononi mwa mashemeji hawa wawili: Abaluhya mara moja, Gor mara mbili, Leopards mara tatu, kisha Gor tena. Mwaka 1985 walikutana katika fainali huko Khartoum, wakagombana ugenini kama wagombanavyo nyumbani.

Sifa kubwa kuliko zote waliipata Gor. Walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1979 na kufungwa vibaya na Canon Yaoundé ya Kameruni. Mwaka 1987 walirudi. Walitoka sare ya 2 kwa 2 na Espérance huko Tunis, na katika uwanja mpya wa Kasarani wakatoka sare ya 1 kwa 1, Peter Dawo akifunga bao lao. Kwa kuwa walifunga mabao mengi zaidi ugenini, kombe likawa lao. Siku ile walikuwako Waluhya walioshangilia, ingawa wapo wasiokiri hivyo mbele ya watu.

Anayetaka kuwajua mashabiki hawa na afike mjini mapema siku ya mchezo. Wa Gor hukusanyika Moi Avenue kwenye sanamu ya Tom Mboya, iliyosimamishwa mwaka 2011 karibu na mahali alipouawa mwaka 1969, wakaimba kwa Kiluo huku wameshika matawi ya miti, kisha hushika njia ya uwanjani mbio mbio na magari hayana budi kungoja. Wa Leopards huja na isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho, ambazo ni tatu: kubwa ni baba, ya kati ni mama, na ndogo ni mtoto. Isukuti hupigwa katika arusi na mazishi vile vile, na mpigaji hodari haachi kupiga eti kwa sababu timu yake imefungwa. Maneno yanayorushwa kutoka jukwaa hadi jukwaa ni ya utani wa ukwe: mmoja huuliza kama kuku wamekwisha chinjwa kwa ajili ya wageni, na mwingine hujibu kwamba mahari ya dada yake bado haijamalizwa kulipwa.

Utani huo una kipimo, na kimepata kupitwa. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika pambano la timu hizi uwanjani Nyayo, watu waliokuwa wakisukumana langoni walikanyagana, na 7 kati yao wakafa. Walikuwa wamekuja kutazama mpira. Hawakuuawa na mahasimu wao, bali na msongamano ambao wenye kusimamia milango wangepaswa kuuona mbele. Mwaka 2012 mchezo ulisimamishwa uwanjani hapo hapo kwa sababu ya kadi nyekundu, viti vikang'olewa na mawe yakarushwa, na Gor wakaadhibiwa. Baada ya mambo kama hayo baba wengi waliwakataza watoto wao kwenda, na kiti kitupu ni hasara kwa klabu iishiyo kwa tikiti.

Maana hali ya fedha haikupata kuwa nzuri. Vilabu hivi vimebaki vya wanachama, vyenye matawi na uchaguzi, na uchaguzi huleta magomvi. Gor walikaa miaka 18, tangu 1995 hadi 2013, bila kuwa mabingwa wa ligi. Leopards walishuka daraja wakarejea mwaka 2009, na baada ya ubingwa wa 1998 ilipita zaidi ya miaka 20 wasiupate tena. Mwaka 2019 kampuni moja ya kamari iliyowadhamini wote wawili ilijitoa, ikawa shida imewapata mashemeji siku moja, na mashabiki wa pande zote mbili wakaanza kuchangishana fedha, kama walivyofanya babu zao katika vyumba vya Reli.

Mchezo ukiisha, ngoma husikika mpaka usiku upande wa walioshinda. Kesho yake karani aliyefungwa hufika ofisini akakuta juu ya meza yake utepe wa rangi isiyo yake. Huutia mfukoni asiseme neno, akautunza mpaka mchezo wa pili.