Kusoma Bahari ya Teahupo'o

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilikaa kwa mjomba wangu, mvuvi wa ngalawa. Kijiji chake ki pwani, na mbele yake umesimama mwamba mrefu wa matumbawe. Katika mwamba huo pana mlango mmoja tu wa kutokea bahari kuu. Asubuhi moja, katika mwezi wa Julai, niliamka nikaona maji ya ndani ya mwamba yametulia kabisa, wala jani la mnazi halitikisiki. Nikamwambia, "Mjomba, leo shwari. Twende mapema."

Akajibu, "Ngoja, mwanangu. Umeusikia mwamba?"

Nikasikiliza. Kweli, kwa mbali palikuwa na mvumo mzito, kisha kimya kirefu, kisha mvumo tena. Mjomba alikaa mchangani muda mrefu akihesabu polepole toka wimbi moja hata lifuatalo. Mwisho akasema, "Upepo wa hapa umelala, lakini upepo wa huko yalikotoka mawimbi haya haukulala. Leo hatuendi."

Jirani zetu watatu walitucheka, wakatweka tanga. Walipofika mlangoni bahari ilikuwa kimya, nao wakaingia. Ndipo mawimbi makubwa manne yakaja mfululizo. Ngalawa ilivunjika mirengu, ikapinduka juu ya mwamba. Walikwenda watatu, wakarudi wawili.

Tangu siku hiyo nilitamani kujua jinsi mtu awezavyo kuisoma bahari kabla ya kuingia. Katika somo hili nitawaeleza habari za mahali mbali sana na kwetu, ambapo watu husoma bahari kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa huko kukosea ni kuhatarisha roho.

Mahali penyewe

Katikati ya Bahari ya Pasifiki kuna kisiwa kiitwacho Tahiti, nacho ni kimojawapo cha visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Upande wake wa kusini-mashariki kuna rasi kubwa, na kwenye pwani ya kusini-magharibi ya rasi hiyo kiko kijiji cha Teahupo'o. Barabara huishia hapo. Nyuma ya kijiji ni milima mirefu ya kijani, na mbele yake ni maji matulivu ya ndani ya mwamba, kisha mwamba wenyewe, kisha bahari kuu.

Mwamba wa matumbawe huzunguka sehemu kubwa ya kisiwa kama ua wa nyumba. Lakini matumbawe hayapendi maji matamu. Basi, pale mito iliposhuka toka milimani kwa miaka mingi, mara nyingi mwamba hukatika, ukaacha mlango. Mlango wa Teahupo'o huitwa Hava'e. Kando ya mlango huo ndipo huvunjika wimbi linalojulikana duniani kote kwa uzito wake.

Watu wa visiwa hivyo wamecheza na mawimbi tangu zamani. Mwaka 1769, Waingereza waliofika Tahiti pamoja na nahodha Cook waliwaona wenyeji wakicheza katikati ya mawimbi makubwa yavunjikayo, wakastaajabu. Siku hizi mchezo huo ni wa kusimama juu ya ubao na kuteleza mbele ya wimbi. Wimbi la Teahupo'o si la wanafunzi wa mchezo huo. Ni la mabingwa tu, nao pia huumia.

Mawimbi huzaliwa wapi?

Huenda mtauliza: Ikiwa Tahiti hakuna upepo mkali, mawimbi makubwa yatoka wapi? Jibu ni lile alilonipa mjomba. Kusini kabisa mwa Pasifiki, kuelekea nchi ya barafu ya Antaktika, pepo kali huvuma bila kuzuiwa na nchi kavu. Hasa toka mwezi wa Aprili hata Oktoba, dhoruba nyingi hupita huko. Upepo husukuma maji, na kila unapovuma kwa nguvu zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na juu ya eneo pana zaidi, ndivyo mawimbi yanavyozidi kukua.

Kisha mawimbi hayo huiacha dhoruba yakaenda zake. Na tuyaite mawimbi ya safari. Njiani hujipanga: marefu hutangulia, mafupi hufuata nyuma, kwa maana katika maji ya kina wimbi refu huenda upesi kuliko fupi. Mwaka 1963 mtaalamu mmoja, Walter Munk, pamoja na wenzake, waliweka vituo vya kupimia toka New Zealand hata Alaska. Wakayafuata mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za kusini, wakaona kwamba yanavuka Pasifiki nzima hata kufika kaskazini. Basi msidhani kwamba wimbi livunjikalo pwani ni mtoto wa upepo wa pwani hiyo. Pengine ni mgeni aliyetoka mbali.

Mambo matano ya kutazama

Mtu anayetaka kujua hali ya Teahupo'o hutazama mambo matano. Habari zake hupatikana kwa maboya yapimayo bahari, kwa setilaiti zilizo juu angani, na kwa kompyuta zinazofanya hesabu.

La kwanza ni kimo cha mawimbi ya safari. Hili kila mtu hulielewa.

La pili ni muda baina ya wimbi moja na lifuatalo, na hapa ndipo wasiojua hukosea. Tuseme leo mawimbi yana kimo cha meta 2, na muda wake ni sekunde 8. Kesho kimo ni meta 2 vilevile, lakini muda ni sekunde 16. Asiyejua atasema siku mbili hizi ni sawa. Sivyo hata kidogo. Katika maji ya kina, wimbi la sekunde 8 lina urefu wa meta 100 hivi toka kilele hata kilele. La sekunde 16 lina urefu wa meta 400. La kwanza huanza kuigusa sakafu ya bahari kwenye kina cha meta 50. La pili huigusa tangu kina cha meta 200. Nalo la pili huleta pwani nguvu mara mbili ya lile la kwanza, tena likifika penye maji machache huinuka kupita kimo chake cha mwanzo. Mjomba wangu hakujua hesabu hizi, lakini alipohesabu vidole vyake pale mchangani, alikuwa akipima muda huo.

Kwa muda huo huo twaweza kujua pia siku ya mawimbi kufika. Nguvu ya mawimbi ya sekunde 16 husafiri kilometa 45 hivi kwa saa. Ikiwa dhoruba iko umbali wa kilometa 3,600, gawanyeni 3,600 kwa 45, mtapata saa 80, yaani siku tatu na saa nane. Kwa hiyo mtu wa Teahupo'o aweza kutengeneza mashua yake leo kwa ajili ya mawimbi ambayo bado yako mbali sana baharini.

La tatu ni upande yanakotoka. Mawimbi yatokayo kusini-magharibi huukuta mwamba vizuri, yakavunjika kwa kufuatana kuelekea mlangoni, na mpanda ubao hupata njia ya kutokea. Lakini yakizidi kutoka magharibi, ukuta mzima wa maji huweza kuanguka kwa mara moja, na aliye ndani hana pa kutokea.

La nne ni upepo wa mahali penyewe. Upepo mwepesi utokao milimani kuelekea baharini husimamisha uso wa wimbi na kuulainisha. Upepo utokao baharini huuvuruga, na wimbi huanguka ovyo. Tena kuna pepo kali za kusini-mashariki, ambazo huleta mvua na kuchafua bahari. Mara nyingi asubuhi ndiyo saa njema.

La tano ni maji kujaa na kupwa, na hapa Tahiti ina ajabu yake. Kwetu pwani ya Afrika ya Mashariki, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na saa ya kujaa husogea kila siku, kwa kuwa yafuata mwezi. Tahiti sivyo. Hapo nguvu ya mwezi haiinui maji sana, na jua ndilo lenye amri. Maji hujaa karibu na saa sita mchana na karibu na saa sita usiku, siku zote, nayo hupanda sentimeta 30 hivi tu. Ni kidogo, lakini juu ya mwamba ambao mahali pengine maji yake hayafiki kiuno cha mtu mzima, hata kidogo hicho chapasa kukumbukwa.

Kwa nini wimbi hili ni zito?

Pwani nyingine bahari hupungua kina polepole, na wimbi huchoka kidogo kidogo kwa kujikwaruza chini. Teahupo'o sakafu ya bahari hupanda ghafula. Wimbi hutoka kwenye maji ya kina likiwa na nguvu zake zote, likajikwaa mwambani. Sehemu ya chini yazuiwa, sehemu ya juu yazidi kwenda mbele. Kisha linayavuta maji yaliyo juu ya mwamba, hata mtu atazamaye kutoka kando huona kana kwamba bahari imebomoka shimo. Mdomo wa wimbi hujikunja mbele, mnene sana, ukaacha pango la maji. Mpanda ubao hodari hupita ndani ya pango hilo akatokea upande wa pili. Akianguka, chini yake ni matumbawe makali kama visu.

Tarehe 17 Agosti 2000, Laird Hamilton, mtu wa Hawaii, alivutwa na chombo cha mashine, akaingia katika wimbi ambalo lilikuwa nene mno. Alitoka salama, na picha yake ikaenea duniani kote.

Mwaka 2024 mashindano ya Olimpiki yalifanywa Paris, lakini ya kupanda mawimbi yalifanywa Teahupo'o. Yalianza tarehe 27 Julai, yakaisha tarehe 5 Agosti. Si kwamba walicheza siku zote hizo. Wakubwa wa mashindano walisoma bahari kila siku, na siku isiyofaa walisema, "Leo hapana." Watu waliosafiri toka pande zote za dunia walikaa wakangoja. Siku ya mwisho Kauli Vaast, kijana wa Tahiti aliyechezea Ufaransa, alishindana na Jack Robinson wa Australia. Vaast alipata mapema mawimbi mawili mazuri. Kisha bahari ikatulia. Robinson alikuwa na wimbi moja zuri, akangoja la pili hata saa ikaisha, wala halikuja. Ushindi ukawa wa Vaast. Robinson hakukosa uhodari. Bahari haikumpa wimbi.

Kufaidika na kutabiri

Tuseme ubao wa habari wasema hivi: "Kimo meta 2 na nusu, muda sekunde 16, toka kusini-magharibi, upepo mwepesi toka milimani." Bingwa akisoma hayo atafurahi, ataandaa ubao wake, na rafiki zake watakaa na mashua mlangoni tayari kumwokoa. Mchezaji mwenye uwezo wa kadiri akisoma maneno hayo hayo, na akiwa na akili, atakaa katika mashua atazame. Maneno ni yale yale, lakini kila mmoja huyapima kwa kipimo cha uwezo wake. Ndiyo maana ya kutabiri: si kumwambia mtu awe shujaa, bali kumpa nafasi ya kuchagua angali yuko nchi kavu.

Tena kumbukeni kwamba mawimbi ya safari huja kwa makundi. Huja matatu, manne au zaidi, kisha bahari hunyamaza, pengine kwa dakika nyingi. Kimya hicho ndicho kilichowadanganya jirani zetu. Walitazama mlango kwa muda mfupi, wakaona hapana kitu. Laiti wangalikaa mchangani nusu saa tu, wangaliyaona.

Mjomba wangu sasa ni mzee, haendi tena baharini. Lakini vijana wa kijiji, ingawa wana simu zinazoonyesha upepo na mawimbi, bado hupita kwake asubuhi na kumwuliza, "Mzee, mwamba wasemaje?" Naye hanyoshi mkono kujibu upesi. Hukaa kwanza akasikiliza, akahesabu. Wahenga walisema, "Kawia ufike."

Maswali

1. Kwa nini mawimbi makubwa huweza kufika pwani siku isiyo na upepo?
2. Mawimbi ya sekunde 16 yakizaliwa umbali wa kilometa 2,700, yatafika baada ya saa ngapi?
3. Kujaa na kupwa kwa maji Tahiti kwatofautianaje na kwetu?
4. Jirani watatu walikosea jambo gani kabla ya kuingia mlangoni?