Ndoo ya maji mlangoni haitoshi: hewa ya ndani na virusi mjini Goma

Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipothibitishwa Goma, mji ulikuwa umeshazoea kunawa mikono. Ndoo yenye bomba na maji ya klorini ilikuwa milangoni mwa makanisa, shule na ofisi, na kwenye mpaka wa Gisenyi. Ilikuwa kinga sahihi, kwa kuwa Ebola hupita kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Mwaka uliofuata ikaja korona, ikazikuta ndoo zipo, na wengi wakaona kinga imeshapatikana. Lakini korona, surua, mafua na tetekuwanga husafiri hewani. Aliyenawa hadi viwikoni bado atavuta pumzi akishaingia ndani.

Mtu anapopumua, kuongea au kukohoa hutoa matone ya kila ukubwa. Makubwa huanguka karibu naye, ndani ya mita moja au mbili. Madogo kabisa hukauka na kubaki yakielea kwa dakika nyingi, pengine kwa saa nzima, na hutembea kama moshi wa sigara: nje hutawanyika, chumbani hujazana. Virusi vya surua vyaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, na mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga huambukiza wengine 12 hadi 18.

Kuimba huongeza matone hayo maradufu na zaidi. Machi 2020, kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwapo watu 61, mmoja wao akiwa na dalili za mafua. Baadaye wagonjwa walihesabiwa 53, na wawili wakafa. Anayezijua kwaya za Goma, na mazoezi ya jioni milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya baridi na usalama, hana haja ya kufika Washington ili aelewe.

Kipimo chetu sisi wataalamu ni mara ngapi kwa saa hewa ya chumba hubadilishwa na hewa ya nje. Ikibadilika mara 2, itachukua zaidi ya saa mbili kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizoachwa na mgonjwa. Mara 6, dakika 46. Mara 12, dakika 23. Hesabu hiyo ni ya chumba ambacho mgonjwa ameshatoka; akiwa bado ameketi humo anaendelea kuzitoa. Mwaka 2007 zilichapishwa habari za hospitali za Lima, Peru, ambako hatari ilikuwa kifua kikuu: ni bakteria, lakini husafiri hewani vilevile. Wodi za zamani, zenye dari la juu na madirisha mapana pande mbili, zilibadilisha hewa zaidi kuliko vyumba vya kisasa vilivyotegemea mashine. Kilichohitajika ni kufungua madirisha tu.

Hapa Goma mambo yamepinduka kidogo. Baada ya lava ya Nyiragongo kumeza sehemu ya mji Januari 2002, watu wengi walijenga nyumba za mbao juu ya mawe meusi. Nyumba ya mbao hupitisha hewa kwenye kila ufa. Jua likichoma mabati, hewa ya moto hupanda na kutokea chini ya paa, na mpya huingia kwa chini. Nyumba mpya za matofali, nzuri kweli, zimewekwa vioo vya kusukuma ambavyo hata ukivifungua vyote hupati zaidi ya nusu ya dirisha. Mjini kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, usiku ni baridi. Basi wa nyumba ya mbao huziba nyufa kwa makartoni, wa nyumba ya matofali hufunga kioo, wote wakalala katika hewa ileile hadi asubuhi.

Kambini ilikuwa hadithi nyingine. Surua ilipozuka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani pembeni mwa Goma mwaka 2023, familia nzima ililala chini ya hema dogo la turubai, bega kwa bega. Kumwambia mama wa humo afungue dirisha ilikuwa kumdhihaki. Pale kinga ilikuwa chanjo na nafasi ya kulala.

Tena Goma ina hewa yake yenyewe. Mazuku, ile gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, ni nzito; hutulia mabondeni na kuua mbuzi na watu, hasa usiku na alfajiri kusipovuma upepo. Kwa hiyo anayeishi sehemu zenye mazuku, kama Bulengo au Mugunga, asitoboe matundu chini ya ukuta yanayotazama bonde. Ayaweke juu, karibu na paa, na afuate maonyo ya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma. Vile vifaa vinavyopima kaboni dioksidi chumbani ili kujua kama hewa imechakaa navyo vyaweza kudanganya hapa, kwa kuwa husoma pumzi za watu, mbabula ya makala na gesi ya ardhini pamoja. Na mbabula isiingizwe chumba cha kulala hata kidogo. Sumu ya moshi wake huua mapema kuliko virusi.

Kanisani, shuleni na kwenye taxibus, nafasi tunayo. Yafunguliwe madirisha mawili yanayotazamana, maana moja peke yake halivuti hewa ya kutosha. Mvua ikinyesha, upande usiopigwa ubaki wazi. Kwaya ifanyie mazoezi uani, wanafunzi watoke wote wakati wa mapumziko, na abiria asigombane na jirani aliyeshusha kioo. Washa udi katikati ya darasa uutazame moshi: ukisimama pale pale, mwite fundi mbao atoboe juu ya ukuta wa pili.

Kwa surua, hayo yote hayatoshi bila chanjo. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akitimiza miezi 9. Kama wako bado, mpeleke kituo cha afya wiki hii.