Shujaa wa Vita Aliyerudia Kazi ya Polisi

Wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kupata sifa kubwa vitani, hawezi tena kuridhika na kazi ndogo ya nyumbani. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za Mwingereza mmoja, jina lake George Harry Wyatt, ili wapime wenyewe kama dhana hiyo ni kweli.

Wyatt alizaliwa mwaka 1886 katika nchi ya Worcester. Mwaka 1904 aliingia jeshini katika kikosi cha Coldstream Guards, ambacho asili yake ni mwaka 1650. Alipomaliza muda wake alitoka, akawa askari polisi katika jimbo la Yorkshire. Lakini desturi ya Uingereza ilikuwa kumwandika askari wa namna hiyo katika akiba, apate kuitwa tena vita vitokeapo. Basi vita vikuu vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Wyatt aliweka rungu lake la polisi, akashika bunduki, akapelekwa Ufaransa.

Siku zile majeshi ya Waingereza yalikuwa yakirudi nyuma kutoka Mons, na Wajerumani wakiwafuata. Usiku wa tarehe 25 Agosti kikosi cha Wyatt kilishambuliwa penye mji mdogo wa Landrecies, karibu na nyumba za shamba moja. Adui wakatia moto majani makavu yaliyokuwa uani. Hatari ya moto huo ilikuwa kubwa, kwa kuwa usiku mwenye kuonekana ndiye apigwaye. Wyatt akatoka mbio akauzima, na adui walikuwa umbali wa yadi 25 tu, risasi zikimiminika. Akatoka tena mara ya pili, akauzima vilevile. Ndipo wenzake wakaweza kushikilia mahali pao. Baadaye alijeruhiwa kichwani, akaendelea kupiga bunduki hata damu ikamfunika macho. Mganga alimfunga jeraha, akamwamuru aende nyuma; lakini yeye alirudi mara moja kwa wenzake.

Kwa matendo hayo alipewa Victoria Cross, na habari yake ikatangazwa mwezi wa Novemba 1915. Nishani hii iliwekwa na Malkia Victoria mwaka 1856. Si ya dhahabu wala ya fedha, bali ni ya shaba, nayo hupewa jemadari na askari wa chini pasipo kutazama cheo, illa ushujaa peke yake. Siku zile askari wa chini aliyeipata alilipwa pauni 10 kila mwaka, fedha isiyoweza kumtajirisha mtu.

Je, vita vilipokwisha mwaka 1918 shujaa huyu alifanya nini? Alirudi kwa polisi, katika mji wa Doncaster. Hapo kazi yake ilikuwa kuzunguka njiani na kulinda watu na mali zao. Na askari polisi wa Uingereza kwa kawaida hachukui bunduki. Mwaka 1924 farasi mmoja alitoroka mbio mjini, na farasi wa namna hiyo aweza kukanyaga watoto na wazee, Wyatt akamzuia. Aliendelea na kazi yake mpaka mwaka 1934, akastaafu, akafariki Januari 1964, umri wake miaka 77.

Tukiyatazama matendo haya mawili, moto wa Landrecies na farasi wa Doncaster, twaona ni tendo moja. Katika lile la kwanza Wyatt hakusifiwa kwa hesabu ya watu aliowaua, bali kwa kuwa alijiweka kati ya hatari na wenzake. Katika lile la pili alifanya vivyo hivyo kwa watu wa njiani, ambao pengine hata majina yao hakuyajua. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vita vilikwisha, bunduki ikarudishwa ghalani, lakini kazi ya kulinda watu ilibaki, na Wyatt hakuiona kuwa ndogo.