Njia ya Petroli Katika Eropleni Yenye Injini ya Motokaa

Injini ya motokaa ikikosa petroli, dereva husimama kando ya njia akatafuta ubovu. Rubani hana kando ya njia. Kwa hiyo mtu ajiundiaye eropleni na kuitia injini ya motokaa yampasa kuangalia sana njia ya petroli.

Bernard Pietenpol wa Cherry Grove, katika Minnesota, Marekani, alifanya kazi hiyo mwaka 1929. Eropleni yake ilikuwa ya mbao na kitambaa, na injini ilitoka katika motokaa ya Ford Model A, yenye nguvu za farasi 40 hivi. Katika motokaa hiyo tangi lilikuwa juu kuliko kabureta, na petroli iliteremka kwa uzito wake bila pampu. Mpango huo hufaa eropleni pia, na wengi walioiga ile ya Pietenpol huweka tangi ndani ya bawa, juu ya kichwa cha rubani.

Lakini eropleni ipandapo huinua pua. Injini nayo huinuka, ikalikaribia tangi kwa kimo, na petroli hupungua mbio wakati ule ule injini itakapo nyingi. Basi kabla ya kuruka, huinuliwa pua papo hapo chini, tangi likiwa na petroli kidogo. Bomba hufunguliwa penye kabureta, na petroli hukingwa katika chombo cha kipimo, saa mkononi. Tuseme injini kwa nguvu zote hula lita 20 kwa saa: bomba na litoe 30, yaani mara moja na nusu.

Tena hewa lazima iingie tangini. Jaribu kumimina maji katika kibuyu chenye mdomo mwembamba, utaona yanavyokwama. Nyigu mmoja akiziba kitundu cha hewa kwa udongo wake, injini yaweza kuzimika.

Bomba lipitalo karibu na bomba la moshi hupata joto, petroli ikawa mvuke; na penye kigongo mvuke hukaa ukaziba njia. Bora literemke moja kwa moja. Maji nayo, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa. Hapo hutiwa bilula ndogo, na kila asubuhi hukingwa kidogo katika gilasi na kutazamwa.

Injini za siku hizi zinyunyiziwazo petroli kwa nguvu hazitoshelezwi na uzito wake tu. Hutaka pampu ya umeme, nayo iwekwe chini karibu na tangi, ili isukume badala ya kuvuta, maana kuvuta huzaa mvuke. Na ziwe pampu mbili, kila moja na swichi yake.